Naomba ushauri: mpwa wangu aingie drafti ya NFL mwaka huu au arudi chuo?

Mjomba_Ohio
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaoujua mpira wa Kimarekani, ule wa yai, maana Watanzania ninaokaa nao hapa Columbus wanajua Simba na Yanga tu. NFL ndiyo ligi yao kuu, na drafti ni pale timu zake zinapochagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi, namba 1 mpaka wa mwisho.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nimemlea tangu ana miaka tisa. Yuko mwaka wa tatu kwenye chuo cha kawaida, jina naliweka kapuni. Anacheza pembeni upande wa ulinzi, kazi yake kumkimbilia kwotabeki na kumlaza chini kabla hajarusha. Urefu futi sita na inchi nne, uzito kilo 118, yadi 40 anakimbia kwa sekunde 4.41. NFL wanataka uwe umemaliza sekondari miaka mitatu iliyopita, hilo kashalitimiza. Mwisho wa kujiandikisha ni katikati ya Januari.

Swali langu ni moja tu: maskauti, wale watafuta vipaji wa timu, wanaangalia nini zaidi, mwili au mechi? Raundi ya pili au ya tatu inawezekana? Usingizi sina. Nawasilisha.

Kizibo_Chekundu
Nimefungua uzi mbio nikidhani ni drafti yetu, ile ya vizibo chini ya mwembe. Huko raundi ya kwanza ni mimi, ulizeni Magomeni nzima. Haya, nasogea pembeni nasoma.

MamaZai_Houston
Kaka, mimi ningeuliza digrii anamaliza lini. Wangu alikuwa na mbio hizo hizo. Makocha wakawa wanakuja nyumbani, wanakula pilau langu, wananiita "Mama". Akavunjika kifundo cha mguu darasa la kumi na moja. Hakurudi hata mmoja, hata kuuliza hali! Leo anapiga watu eksirei hospitalini, ana bima, ana nyumba, na pilau tunakula wenyewe. Shule kwanza.

Yadi_Kumi
Mkuu, nasaidia ukocha wa sekondari hapa Texas, nitakujibu ulichouliza.

Yadi 40 inapendwa na televisheni. Kwa nafasi ya huyo dogo, skauti anakazia macho yadi 10 za mwanzo, kwa sababu hakuna anayemfukuza kwotabeki yadi 40. Akimaliza hapo anapima mkono, kutoka begani mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono ikiwa mifupi, mzuiaji anamwahi kifuani na mchezo umeishia hapo.

Halafu ndiyo video, na video ni kazi ya siku nyingi. Idadi ya kulaza makwotabeki peke yake haimwambii kitu. Anataka kujua alimpita nani: yule mzuiaji atakayekuwa NFL mwakani, au kijana atakayekuwa mwalimu wa hesabu? Alimlaza kwa ujanja wa mikono, au kwotabeki alizubaa na mpira sekunde tano? Robo ya nne miguu bado ipo? Wakicheza kukimbiza mpira upande wake anasimama imara au anasukumwa kama toroli? Baada ya hapo wanazungumza na makocha, na watu wa gym, na wanaofunga bandeji. Mwishoni kabisa ndiyo madaktari.

Sasa na mimi nikuulize. Kuna kamati ya ushauri ya NFL. Chuo kinamwombea mchezaji tathmini, majibu yanakuja ya aina tatu: uwezekano wa raundi ya kwanza, wa raundi ya pili, au rudi shule. Yenu imekuja?

Mjomba_Ohio
Ahsante sana mkuu, umenifungua macho. Mkono nimeshaupima alipokuja sikukuu ya Thanksgiving, kwa tepu ya fundi cherehani ya mke wangu: inchi 33 na nusu. Alikuwa amevaa sweta lakini haliongezi kitu. Mambo ya kamati tuyaache kwanza, yale ni maoni ya watu tu.

Yadi_Kumi
Hiyo "tuyaache kwanza" ndiyo imenishtua. Imekuja au haijaja?

Lubumbashi_Charlotte
Ndugu, miye naishi Charlotte. Biakabutuka mnamujua? Mutoto wa Kinshasa, alikulia Kanada, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Novemba 1995 akakimbia na mpira yadi 313 kwa mechi moja, na aliowafanyia hivyo ni Ohio State, chuo cha hapo Columbus. Wewe wa Columbus uliza wazee wa hapo, jina hawawezi kulitamka lakini hawajalisahau. Mwaka 1996 Panthers, timu ya NFL ya hapa Charlotte, wakamuchukua namba 8. Msimu wa kwanza tu goti likaenda. Alirudi, akacheza vizuri, 2001 mguu ukamumalizia kazi. Na huyo alikuwa namba 8, ndugu. Si namba 200.

Mjomba_Ohio
Sawa. Imekuja. Wamesema arudi shule.

Lakini wakuu tusiwe watu wa kukatishana tamaa. Tom Brady, kwotabeki, mwaka 2000 alichukuliwa namba 199, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 kama mzee anayekimbilia daladala, na akavaa pete saba za ubingwa. Brock Purdy mwaka 2022 alikuwa namba 262, wa mwisho kabisa, na alicheza Super Bowl, fainali yenyewe ya NFL. Hao maskauti walikuwa wapi? Msimu wa 2025 mshahara wa chini wa mchezaji mpya ulikuwa dola 840,000. Mimi naendesha lori mwaka wa 14, hiyo hela siioni mpaka naingia kaburini.

Sauti_ya_Kinondoni
Kukosea wanakosea pande zote mbili. Mwaka 2009 kwenye drafti ya NBA, ya kikapu, Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa namba 2. Harden namba 3, Curry namba 7, na hao ndio waliokuja kuwa nyota. Tulikesha kwa furaha. Walipima urefu, na urefu aliokuwa nao ni wa kweli, hakumdanganya mtu.

Yadi_Kumi
Mjomba, hiyo 840,000 ni ya aliyebaki kwenye kikosi cha watu 53 msimu mzima. Drafti nzima ina raundi saba, na 2025 walichaguliwa watu 257 tu. Aliyekosa anaweza kuitwa kambini, akafukuzwa Agosti na begi lake mkononi. Akibahatika anabaki kikosi cha mazoezi, dola 13,000 kwa wiki kwa msimu huo, na wiki yoyote wanaweza kumwambia asante. Hela nzuri, sikatai. Ila si ile unayoihesabu wewe.

Mchunguzi_Huru
Wakuu, mnakunywa chai na mnaomba sukari.

Kilo 118 na sekunde 4.41? Hizo ni namba za Montez Sweat kwenye majaribio ya Indianapolis 2019, yale NFL inayopimia vijana kabla ya drafti. Zote mbili, uzito na muda! Watu wenye mwili huo hawakimbii hivyo. Myles Garrett, namba 1 wa mwaka 2017, alikimbia 4.64 na ikaonekana maajabu. Sasa kuna mtu wa namna hiyo chuo cha kawaida Ohio, hakuna skauti anayemjua, na kamati inamwambia arudi shule? Mleta uzi umegugo namba ukaja kutupigia fiksi. Weka video au uzi ufungwe.

Kizibo_Chekundu
Chai ya rangi au ya maziwa? Naleta mihogo.

Mjomba_Ohio
Mchunguzi, nina umri wa baba yako, siwezi kukaa usiku natunga habari za mtoto wa dada yangu.

Huyo Sweat simjui. Muda nilipima mwenyewe kwa simu, uwanja wa shule ya sekondari hapa jirani, kiangazi cha mwaka juzi. Nilisimama mwisho wa mstari, nikimwona ameinuka nabonyeza. Tulirudia mara nne, nikachukua ile nzuri. Wakati huo alikuwa na kilo 104. Hizi 118 ni za sasa hivi, baada ya operesheni.

Nesi_Indy
Operesheni gani, kaka?

Mjomba_Ohio
Ya goti. Ile kano ya kati wanayoiita ACL. Oktoba mwaka jana. Lakini limepona, anaruka, anacheza dansi harusini.

Yadi_Kumi
Yaani umetupa mwili wa mwaka huu na mbio za mwaka juzi. Hao ni watu wawili tofauti, mjomba. Na simu ikibonyezwa na mtu aliye mwisho wa mstari, mwenye mapenzi, inapunguza muda.

Nesi_Indy
Mimi ni nesi hapa Indianapolis. Watu wanadhani ile wiki ya majaribio ni mbio na kuruka. Imekuja mjini kwetu tangu 1987, na mzizi wake ni vipimo vya afya: timu zilichoka kila moja kumsafirisha mchezaji yule yule kwa daktari wake, zikaamua kupima pamoja. Wanaalikwa zaidi ya 300. Goti la kijana linavutwa, linakunjwa, linapigwa picha, na madaktari wa timu 32 kila mmoja anaandika lake. Huyo Sweat mnayemtaja aliingia na habari za moyo, ikazua maneno mengi, akachukuliwa namba 26 pamoja na mbio zote zile. Goti la miezi kumi na nne linahitaji msimu mzima wa video baada yake. Kwa nini asirudi tu acheze mwaka mmoja zaidi? Siku hizi vyuo vinalipa wachezaji, si kama zamani.

Mjomba_Ohio
Kurudi ni kugumu.

Nesi_Indy
Kugumu kwa nani? Yeye au wewe?

MamaZai_Houston
Nami nilitaka kuuliza hilo hilo.

Mjomba_Ohio
Naona mnanivua nguo hadharani. Haya.

Septemba alinifuata bwana mmoja anayejiita mshauri wa wanamichezo. Mtu mstaarabu, anavaa vizuri, aliniita "Uncle". Akasema dogo ana kipaji, yeye atamsimamia mpaka NFL. Akanipa dola 18,000, mkopo wa familia, zitakatwa kwenye mkataba wa dogo akichaguliwa. Nilisaini karatasi moja. Dogo hajui.

Sijazila. Zimekwenda Tabora, dada anajengewa. Boma limefika lenta. Ni nyumba ya mama yake huyo huyo mtoto, kwa hiyo kosa liko wapi? Nilibakiza mia nne tu, nikabadilisha matairi mawili.

Mchunguzi_Huru
Nafuta kauli. Mtu hatungi matairi mawili.

Lubumbashi_Charlotte
Ayayaaa, ndugu.

Yadi_Kumi
Hapo ndipo ungeanzia. Hela za matangazo kwa wanafunzi ni halali tangu Julai 2021, na mtu wa kumtafutia matangazo anaruhusiwa. Hela ya wakala kwa ahadi ya NFL ni jambo jingine, na kupokea ndugu badala ya mchezaji hakusafishi chochote. Someni habari ya Reggie Bush, aliyekuwa nyota wa mpira huu chuoni: waliopokea ni familia yake, chuo kikaadhibiwa 2010, na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akairudisha. Ilichukua mpaka 2024 kurudishiwa.

Fanya hivi. Mwambie dogo leo, kabla hajasikia kwingine. Yeye aende ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo, na mtafute wakili asiyejuana na huyo bwana. Msirudishe wala kuongeza senti mpaka wakili aone karatasi. Halafu mwangalie kama jina lake limo kwenye orodha ya mawakala wa NFLPA, chama cha wachezaji. Waliomo hawaruhusiwi kukata zaidi ya asilimia 3 ya mkataba. Yako inasema ngapi?

Mjomba_Ohio
Ishirini.

Kizibo_Chekundu
Hata mimi nimeacha kucheka.

MamaZai_Houston
Kaka, dada yako akijua hiyo lenta imewekwa kwa goti la mwanawe, ataingia humo ndani kweli? Ungemuuliza kwanza.

Sauti_ya_Kinondoni
Tusimponde sana. Wangapi humu tumejenga nyumbani kwa hela ambayo haijaingia bado? Mimi mmoja.

Mjomba_Ohio
MREJESHO. Jana usiku nimempigia nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka nikawa nasikia mwenzake wa chumbani anacheza gemu. Halafu akauliza kitu kimoja: "Mjomba, mama anajua hela zimetoka wapi?" Nikasema anajua ni za lori.

Asubuhi ameenda ofisi ya chuo peke yake, amenikataza kwenda. Anasema drafti alikuwa hataki tangu majibu ya kamati yalipokuja, alikuwa ananisubiri mimi nichoke. Kama watamfungia mechi bado hajaambiwa. Wakili tunamwona Jumatatu, nitaegesha lori. Na ameniomba nimtumie picha ya ile karatasi na picha ya boma. Nimetuma zote mbili. Ya boma ndiyo ameijibu, kauliza dirisha la jikoni mbona dogo.

Kizibo_Chekundu
Pole mkuu, tuko pamoja. Hilo boma Tabora sehemu gani? Kama mtauza, nina shemeji anatafuta.