Q bila U: naomba maneno ya Kiingereza

MzeeWaLikoni: Wakuu, Scrabble yetu (mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi) iko kwenye meza hapa, imesimamishwa kwa chai. Nina A, A, D, I, L, Q, T. U sina, na ubaoni hakuna ninayoifikia. Hii Q niitupe wapi? Tunafuata orodha ya Collins ya maneno yanayokubalika.

BintiPwani: Shikamoo mzee. Mbona uko vizuri! TALAQ na QADI zote zinakubalika, kila moja pointi 14 kabla ya bonasi. Ubao ukibana, QI ya pointi 11 huingia popote.

fundi_linux: Kama una faili la maneno, neno moja kila mstari, andika amri hii ya grep, programu ya kuchuja mistari ya faili:

`grep -iE '^[adilqt]+$' maneno.txt | grep -i q`

Sehemu ya kwanza hubakiza yaliyoundwa kwa herufi zako tu, ya pili hudai Q. Ila grep haihesabu vigae: neno lenye T mbili litapita nawe unayo moja. Hapo ni macho yako.

MzeeWaLikoni: Marahaba binti. Fundi, ahsante, hiyo nitaijaribu Scrabble ikishaondolewa mezani. TALAQ siiweki, mpinzani wangu ni mama watoto. Naenda na QADI.