Draiva ya vitufe vya namba: foleni ikijaa, 7 inajiandika yenyewe

kodi_ya_usiku: Wakuu, naomba msaada. Naandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Linux ya vitufe 16 vilivyounganishwa na pini za Raspberry Pi. Ni kazi ya chuo, kwa hiyo draiva ya matrix_keypad iliyomo tayari kwenye keneli (kiini cha Linux) siruhusiwi kuitumia. Intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza prosesa) ikija nasoma kitufe, naweka tukio (kimebonyezwa au kimeachiwa) kwenye kfifo (foleni ya keneli) ya nafasi 64, halafu naita wake_up_interruptible kumwamsha msomaji. Programu inasoma kwa read(). Mtu akibonyeza taratibu, safi. Akibonyeza haraka wakati programu inachapa risiti, inaanza 7777777 mpaka niibonyeze tena. Nimepandisha foleni hadi 1024, tatizo limechelewa tu. Nimezungushia muteksi (kufuli), sasa dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa keneli) inalia "scheduling while atomic". Nifanyeje?

Mzee wa Dmesg: Muteksi itoe leo leo. Anayeikuta imeshikwa hulala akisubiri, na ndani ya intarapti hakuna kulala. Tena huihitaji: kfifo yenye mwekaji mmoja na msomaji mmoja haitaki kufuli lolote. Wasomaji wakiwa wawili, wapange foleni wao kwa wao upande wa read(), huko muteksi ni ruksa. Ila usishike spinloki (kufuli ambalo mshikaji wake haruhusiwi kulala) huku unaita kfifo_to_user ya kupeleka data kwa programu, nayo inaweza kulala.

Nuru_K: La dmesg limejibiwa, la 7 bado. kfifo_put, ile ya kuweka tukio, inakurudishia nini? Ikirudisha 0, foleni imejaa na tukio limepotea. Lililopotea kwako ni "7 imeachiwa", ndiyo maana programu inaamini kidole bado kipo.

kodi_ya_usiku: Nimeichapisha kwenye dmesg, zinakuja 0 kibao! Lakini mtu mmoja anamalizaje nafasi 64?

Nuru_K: Vyuma vya kitufe vikigusana vinadundadunda kwa milisekunde kadhaa, na kila mdundo ni intarapti. Acha intarapti iite mod_delayed_work tu (inapanga kazi ifanyike baadaye), ya milisekunde 20 hivi. Mdundo mpya unaisogeza mbele. Muda ukiisha, kazi hiyo ndiyo isome pini na kuweka tukio moja, tena kama hali imebadilika kweli. Mwekaji anabaki mmoja.

Fundi Transista: Nisingeishia hapo. Msomaji akikwama vya kutosha, foleni yoyote itajaa. Angalia evdev, sehemu ya keneli inayopeleka matukio ya vitufe kwa programu: bafa (foleni) ya msomaji ikijaa, inatupa yaliyomo na kuingiza SYN_DROPPED, alama ya kwamba kuna yaliyopotea. Msomaji akiiona, anapuuza kila kitu mpaka SYN_REPORT (alama ya mwisho wa kundi la matukio) inayofuata, kisha anaiuliza keneli kwa EVIOCGKEY ni vitufe gani vimeshikwa sasa hivi. Wewe weka bendera ya "kuna kilichopotea" na ioctl (ombi maalumu la programu kwa draiva) moja ya kurudisha biti 16 za hali ya vitufe.

Mzee wa Dmesg: Kutupa yote, wakati mtu anaandika hela? Mimi ningebakiza ya zamani nikakataa mapya.

Fundi Transista: Ukikataa mapya, 15000 inaingia kama 1500 na hakuna anayeshtuka. Programu ikiona bendera ifute kisanduku, mtu aandike upya.

Mzee wa Dmesg: Hapo umenishika. Basi kijana, kujaribu ni hivi: punguza foleni iwe 16, isimamishe programu kwa kill -STOP, bonyeza hovyo mpaka ijae, halafu kill -CONT. 7 zikirudi, leta kodi ya read() tuione.