Kibanja cha Bibi: misa ya mwaka

JUMANNE

Mama Pacha: Tumsifu Yesu Kristo wanafamilia. Padre anataka jina la marehemu na nia ya misa kabla ya Ijumaa. Kikundi kina kaya 23, zilizochangia ni sita. Msinielewe vibaya, lakini mwaka unatimia na kaburi halijawekewa hata msalaba wa kudumu.

Mama Pacha: Halafu wasifu. Siku ya mazishi tulisoma nusu ukurasa, wanajumuiya wakanung'unika, na walikuwa na haki. Safari hii nimeandika kurasa nne. Naweka vipande hapa, msahihishe.

Mama Pacha: Kuna mtu?

Baba Koku: Milele amina. Tupo.

Mama Pacha: Asante Baba Koku. Na wewe hujachangia.

Koku: 😂😂😂

Mama Pacha: Kipande cha kwanza. "Mama yetu alizaliwa Kamachumu. Kitambulisho na cheti cha ubatizo vinapishana miaka miwili, sisi tunafuata ubatizo. Mtoto wa kwanza alimpata mwaka 1960, mwaka ule Rugambwa alipofanywa Kardinali. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka wa elimu ya watu wazima, Mama, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alijitolea kufundisha kisomo. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, kikundi cha redio kilikaa uani kwetu."

Baba Koku: Hapo ongeza kwamba choo cha kwanza cha mfano pale kijijini kilichimbwa kwetu, na nilikuwemo shimoni mimi. Nina miaka tisa. Wakanisahau mle ndani wakaenda kusikiliza redio!

Koku: Baba hii hujawahi kutuambia 😂

Baba Koku: Nilipiga kelele mpaka Mama akaja na ngazi. Akanipandisha, akanipangusa udongo machoni kwa kanga, halafu akaniambia nirudi nimalizie.

Mama Pacha: Jamani. Tarehe. Ni Jumamosi ya pili au ya tatu ya Novemba?

Baba Koku: Ya tatu senene watakuwa wameanguka. Mimi na ndoo yangu natoka Mwanza mapema.

Koku: Senene wa Bibi wale wa kukaanga na kitunguu 😭

Koku: Tena alikuwa anatuchambulisha mabawa usiku kucha, ukisinzia unapigwa mwiko.

Mama Pacha: Tarehe!!

JUMATANO

Mama Pacha: Naendelea. "Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, nyumba yetu ilipokea watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto, baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa. Katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, alihudumu tangu mwanzo mwanzo. Tangu msiba wa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, hakuvuka ziwa tena. WAWATA walipoadhimisha miaka 50, mwaka 2022, alikwenda Dar es Salaam kwa basi."

Koku: Mimi ndiye nilimpokea. Uwanja wa Mkapa, jua kali, nikamfungulia mwavuli akaufunga. Akasema atakosa kuwaona wenzake wanaoingia. Alikaa vile na kitenge chake mpaka misa ikaisha.

Mama Pacha: Hiyo naiweka. Sasa daftari. Nimelipata chini ya godoro lake, lile la jalada la kijani. Ni la wagonjwa aliokuwa akiwatembelea majumbani miaka ile. Kila mstari una jina, siku na alichopeleka. "Jumatatu, sabuni nusu mche, chumvi." "Alhamisi, maharage, mafuta ya taa, nimemwogesha." Aliyefariki amemwekea msalaba mdogo pembeni. Kuna ukurasa una misalaba kumi na mmoja. Nimeshindwa kuendelea, nimelifunga.

Sista: Raha ya milele uwape ee Bwana.

Baba Koku: 🙏

Mama Pacha: Kipande cha mwisho. "Ugonjwa ulipoingia Kagera na kutuachia yatima, Mama aliwachukua watoto tisa. Aliwalea na kuwasomesha wote sawasawa na watoto aliowazaa."

Mama Jeni: Hiyo sentensi futa.

Mama Pacha: Ipi?

Mama Jeni: Unaijua. Sawasawa.

Mama Pacha: Mdogo wangu, haya mambo tuliyaongea siku ya tanga.

Mama Jeni: Mliyaongea nyie. Mimi nilikuwa jikoni. Mwaka 1991 nilikuwa na barua ya kujiunga, sare imeshonwa, sanduku limepakwa rangi. Nikabaki. Simlaumu aliyekwenda, na Mama nilimpenda, nimemwogesha mpaka siku ya mwisho mnajua. Lakini isisomwe kanisani kwamba ilikuwa sawasawa wakati mimi nimekaa benchi la mbele.

Baba Koku: Ng'ombe au mbuzi? Mpishi anauliza.

Mama Pacha: Baba Koku sasa hivi siyo.

Baba Koku: Nimejaribu tu kutuliza. Samahani Kitinda.

(saa tano usiku)

Mwalimu: Sijawahi kuandika humu zaidi ya amina. Mama Jeni, lile sanduku la bati lilikuwa na jina lako, kwa rangi nyeupe. Bibi harusi wa jirani ndiye aliyeliandika, unakumbuka, herufi ya mwisho ilichuruzika. Kila mtu bwenini alikuwa akiniita kwa jina lako muhula wote wa kwanza na sikuwasahihisha. Miaka minne nimelifungua na kulifunga. Ninalo hadi leo, naweka vyeti. Sijui nilipaswa kukuambia lini.

ALHAMISI

Mama Pacha: Wapendwa, Mzee amepiga simu. Amesomewa yote. Anamtajia mjukuu wake aandike, naombeni mtu asiingilie.

Mzee Kamachumu: Hapa naandika mimi mjukuu, maneno ni ya Babu. Anasema hivi. Mwaka ule kahawa ilikuwa imeporomoka bei, kila nyumba ililia. Dada yangu alikuja kwangu kwa miguu, jioni, kuniomba ada ya mtoto wa pili. Mkononi alikuwa na ya mmoja. Nilikuwa na ng'ombe wanne. Nikamwambia sina. Nikamwambia tena kwamba waliozaliwa na wengine walelewe na wengine. Hakujibu. Alikunywa maji, akarudi usiku uleule. Kesho yake akachagua yule ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kwenda kumwombea.

Mzee Kamachumu: Anasema, miaka yote hiyo hakunitaja kwa mtu. Nilikuja kwenye kila sikukuu nikala chakula chake. Kitinda, mama yako usimdai. Nidai mimi, bado niko hai.

Mzee Kamachumu: Amesema basi. Ameomba simu izimwe.

(saa tisa alasiri)

Sista: Nimeongea na paroko. Jumamosi ya pili ina ndoa mbili. Anatupa ya tatu, saa nne asubuhi, au Jumapili baada ya misa ya pili. Anasubiri jibu.

Koku: Ya tatu naweza kuomba ruhusa kazini. Nadhani.

Baba Koku: Nimetuma mchango. Na wa Koku.

Mama Pacha: Umefika, Mungu akubariki. Kaya nane.

(saa mbili usiku)

Mama Jeni: Nimesoma. Nilikuwa shambani, nimesoma mara tatu.

Mama Jeni: Mjomba nitakuja kukuona Jumapili. Sijui nitasema nini.

Mama Jeni: Mwalimu, hilo sanduku uje nalo Novemba. Nataka tu kuliona.

Mwalimu: Nitakuja nalo.

Mama Pacha: Kitinda, kile kipande nikiandikeje?

Mama Jeni: Sijui dada. Kwenye daftari nitasoma mimi, ile kurasa yenye misalaba, majina yote. Ya shule acha kwanza.

Mama Pacha: Naacha nafasi wazi. Lakini kijitabu kinakwenda kuchapwa wiki ijayo.

Mama Jeni: Acha wazi.

IJUMAA

Mama Pacha: Sista mwambie paroko Jumamosi ya tatu, hata kama wengine wamekaa kimya. Waliobaki kaya 15. Msalaba fundi anataka nusu ya fedha kabla hajaanza. Na turubai? Ile ya jumuiya ilichanika kwenye mvua ya Pasaka.

Baba Koku: Ndugu zangu wa Muleba, turubai?

Mama Pacha: Mtu yeyote?