Mwalimu wa Kiingereza kutoka Mtwara, kuna njia ya kweli ya kupata kazi nje?

MwlChikongola
Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamoni. Niko Mtwara mjini hapa Chikongola, nina digrii ya ualimu nimesoma STEMMUCO, chuo cha Stella Maris, nikamaliza 2021, masomo yangu ni Kiingereza na Kiswahili. Ajira za serikali nimeomba kila zikitangazwa, usaili nimefanya ila sijapangiwa, kwa sasa nafundisha shule ya binafsi mshahara laki mbili na themanini na kuna miezi unachelewa mpaka unakutana na wa mwezi mwingine, jioni napiga tuisheni ndo inanisaidia kula.

Sasa kuna jamaa nimempata kwenye grupu la Facebook anasema ana nafasi za kufundisha Kiingereza Thailand na China, cha kwanza anataka milioni mbili na nusu, anasema naingia na viza ya utalii halafu nikifika huko shule inanibadilishia. Mzee wangu yuko Tandahimba, nimemwambia, amekubali kuuza ekari mbili za mikorosho. Kabla hajauza nataka nisikie kwa waliotoka kweli. Je hii njia ipo? Na kwa Mtanzania ni nchi gani wanakupokea ukiwa mwalimu wa Kiingereza? Naombeni mnijibu kwa uwazi maana hiyo mikorosho ndo inatulisha wote nyumbani.

Njomba_Masasi
Njomba, mzee asiuze. Mpigie leo hii mwambie asubiri, mengine yafuate.

Mimi 2022 nilitoa milioni moja na laki tisa kwa mtu wa namna hiyo hiyo, ilikuwa hela ya korosho, tumetoka mnadani tumelipwa ndani ya wiki hiyo imeshahama kwenye simu. Alinitumia barua ya shule ina mhuri na nembo, akanitumia mpaka picha ya darasa nitakalofundisha. Nikasafiri Dar nikakaa wiki tatu kwa shemeji nasubiri viza, kila siku kesho, mwisho namba haipatikani. Ile shule nilikuja kuitafuta mwenyewe baadaye nikawaandikia, wakanijibu kwa heshima kabisa kwamba hawanijui na hawajatangaza kazi. Barua pepe moja tu ningeandika mwanzoni nisingepoteza kitu.

Na wewe bora kuibiwa hela kuliko ufike. Mpakani mwa Thailand na Myanmar, upande wa Myawaddy, kuna makambi ya watu wanaofanya utapeli wa mtandaoni, wanaita vijana kwa ofa za kazi nzuri wanashukia Bangkok, wanapakiwa kwenye gari wanaambiwa ofisi iko mbali kidogo, wanavushwa mto usiku, pasipoti inachukuliwa. Mwanzoni mwa 2025 walitolewa maelfu ya watu kule, na wa Afrika Mashariki walikuwemo, Waethiopia, Wakenya, Waganda. Sisemi jamaa yako ni wa huko, ila mtu anayekwambia ingia na viza ya utalii utabadilishiwa mbele anakupeleka mahali ambapo ukipata shida huna wa kumlilia maana karatasi zako zinasema ulienda kutembea.

Binti_Nachingwea
Poleni na majukumu. Mimi ni wa Nachingwea, nipo Thailand mwaka wa tatu nafundisha shule ya msingi mkoani, si Bangkok. Kaka njia ipo ila siyo hiyo uliyoelezwa.

Ya kweli iko hivi, shule inakufanyia intavyuu kwa video, inakupa mkataba na barua, wewe ukiwa bado nyumbani unaombea viza ya kazi inaitwa Non-B, ukifika shule inakushughulikia kibali cha kazi na pia wanakuombea ruhusa kwenye baraza la walimu la huku. Digrii lazima iwepo, ya ualimu kama yako ina nguvu zaidi. Kwa sisi ambao pasipoti yetu siyo ya nchi za Kiingereza wanataka na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, wengi wanasema TOEIC kuanzia 600 au IELTS, IELTS inafanyika Dar na matokeo yake yanaishi miaka miwili tu kwa hiyo usikurupuke kufanya kama hujajipanga kuomba. Ukiongeza cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha masaa 120 unakuwa vizuri, japo kwa mwenye digrii ya ualimu mimi naona IELTS itangulie.

Andaa na cheti cha tabia njema cha polisi, alama za vidole, vyeti vyako vithibitishwe wizara ya mambo ya nje na pengine ubalozi wa nchi unayokwenda. Hiyo yote inakula muda. Muhula huku unaanza katikati ya Mei na mwingine kuelekea Novemba, kwa hiyo shule zinatafuta walimu sana Machi Aprili na tena Septemba Oktoba.

Sitakudanganya kuhusu rangi na pasipoti. Nimetuma maombi zaidi ya sabini kabla ya kupata hii, shule nyingine tangazo limeandikwa kabisa wanataka mzawa wa Kiingereza, nyingine wakiona picha hawajibu tena. Iliumiza sana. Hii iliyonichukua mkuu wa shule aliniomba nifundishe somo la dakika kumi mbele ya kamera, nikafundisha past tense kwa picha za soko, akanipa kazi siku ile ile. Kwa hiyo rekodi video ukiwa darasani kwako, ni dawa kuliko CV.

MwlChikongola
Asante sana dada, na njomba pole kwa yaliyokukuta. Vipi Korea na China? Jamaa anasema China ndo kuna hela.

Binti_Nachingwea
Korea Kusini futa kaka. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, ni kwa raia wa nchi saba tu kwa Kiingereza, Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hata uwe na Kiingereza cha namna gani Mtanzania haumo. China nao wanataka wanaotoka nchi za Kiingereza kwanza, na 2021 serikali yao ilibana mno vituo vya tuisheni ambavyo ndo vilikuwa vinachukua watu hovyo hovyo. Anayekuahidi nchi hizi mbili kwa pasipoti yako muulize ni viza gani kwa jina, usikilize atakavyojibu.

Mwl_Mstaafu_Mikindani
Mwanangu, marahaba. Nimefundisha miaka thelathini na moja, wanafunzi wangu wako kila mahali, niseme na mimi mawili.

Mbona wote mnaangalia Asia? Rwanda walihamia Kiingereza mashuleni tangu 2008, na mpaka leo wanahitaji walimu wanaokimudu. Ni Jumuiya yetu, ni basi mpaka Dar, kisha basi mpaka Rusumo, unavuka kwa miguu. Kijana wangu mmoja alienda, akaandikia shule kumi na mbili za binafsi kule moja kwa moja bila dalali, mbili zikamjibu, leo ana mwaka wa nne na amemhamisha mkewe. Mshahara siyo wa Bangkok lakini unalipwa kwa tarehe na Krismasi anakuja nyumbani.

La pili, wewe umesema una Kiingereza NA KISWAHILI halafu Kiswahili umekipita kama hakipo. Kuna programu ya Fulbright inaitwa FLTA, Wamarekani wanachukua walimu wa Kiingereza vijana kutoka nchi mbalimbali wanawapeleka vyuo vikuu vya Marekani wakafundishe lugha ya kwao, Kiswahili kikiwemo, mwaka mmoja wa masomo, posho wanakupa na kozi chache unasoma hapo hapo. Huombi kwa dalali, ni ubalozi wa Marekani Dar, bure, ila waulize kwanza maana Januari 2026 Marekani ilisimamisha viza za masomo na za programu kama hizi kwa Watanzania. Sharti lake ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili, hilo ulijue mapema usije ukalalamika. Sifa zake ni kama zimeandikwa zikikutazama wewe, na kule hakuna atakayekuuliza kama ni mzawa wa lugha.

Ukitaka uzoefu wa kuonyesha, anza kufundisha wageni Kiswahili mtandaoni, tovuti za italki na Preply zote zina wanafunzi wa Kiswahili. Intaneti ikisumbua Chikongola nenda Shangani.

Njomba_Masasi
Mwalimu shikamoo. Hilo la FLTA nilikuwa silijui kabisa, ningelijua 2022.

MwlChikongola
Shikamoo mwalimu. Nimesoma nikarudia mara tatu. Nilimuuliza yule jamaa jina la viza, kasema "mambo ya viza niachie mimi", nikamwambia basi na hela nakuachia wewe uisubiri, nimemtoa kwenye simu. Mzee nimempigia jana usiku, mnunuzi alikuwa ameshapimiwa ekari, karudishiwa kishika uwanja chake hakikuwa kimeguswa. Amenijibu tu sawa, tutapalilia.

Pasipoti nafuatilia wiki hii uhamiaji. Dada Nachingwea, ile video ya darasani ulirekodi na simu ya kawaida? Na watoto ulionekana nao au uliwaficha sura?

Binti_Nachingwea
Simu ya kawaida kaka, niliiegemeza kwenye dirisha. Watoto niliwachukua kwa nyuma wasionekane sura, na mwalimu mkuu nilimuomba ruhusa kwa maandishi. Sauti ndo muhimu, funga feni.