Naomba ushauri: injini ni ya mshikaji, gemu ni la nani?

Habari wakuu, mwenzenu nimekwama. Mimi na mshikaji wangu tumetengeneza gemu kwa miaka 2, injini (ile programu inayoendesha gemu) aliiandika yeye kabla hatujaanza, mimi nikachora picha zote, nikaandika stori na code (maagizo ya kompyuta) ya maadui, leveli 14 zote zimepita mikononi mwangu. Hatukuandikishana chochote, si unajua tena urafiki. Sasa tunakaribia kuliweka Steam, lile duka la magemu mtandaoni, ndo ananiambia gemu ni lake kwa sababu bila injini yake mhusika hata kuruka hawezi, na anataka nusu ya kila kopi milele.

Mi najiuliza, mbona wenye injini ya Unreal wanachukua asilimia 5 tu na mpaka gemu liingize zaidi ya dola milioni 1, na gemu linabaki lako? Injini ya Godot ndo kabisa, ni ya bure, leseni yake ni ya MIT, unauza unavyotaka mradi uambatanishe ile notisi yao ya hakimiliki. Ila nakubali injini yake ni kazi, sitaki kumdhulumu.

Kinachonikera zaidi, ndani ya injini hiyohiyo kuna bugs (makosa ya programu) kibao nimerekebisha mimi, na anaitumia kwenye gemu lake lingine. Hizo nazo ni zake?

Waliopitia hii, mligawanaje? Steam wenyewe wanakata 30% kwanza, tukiuza dola 5 halafu yeye achukue nusu mi nabaki na nini jamani. Au nihamie Godot nianze upya? Mkataba tunaweza kuandika saa hizi au ndo tumeshachelewa?