Fildi ya kichwa ilikuwa string, nimelala ni string, nimeamka imekuwa mti

Tawi_Kavu (mleta uzi)

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Nyote mnamjua. Simtaji, wala hakuna haja, kila timu ina wa kwake. Yule anayeikalia CMS (mfumo wa kutunza maudhui ya tovuti) kama shamba la urithi. Na CMS yenyewe ni hizi za hedilesi, zisizo na kichwa, zinatunza maudhui na kuyatoa kwa API (mlango ambao programu nyingine huchukulia data) basi, kuyafanya yaonekane ni kazi yangu mimi huku kwenye app ya React, zana ya JavaScript ya kujenga kurasa. Hilo sina ugomvi nalo. CMS haina kichwa, sawa, sasa na anayeishika naye?

Niliomba kitu kimoja tu, fildi (sehemu ya kujazia) ya kichwa cha ukurasa iwe maandishi mafupi. String. Imekuwa string miezi minane, hata watoto wake CMS ingezaa wangekuwa string.

Leo tuko kwenye kikao, mteja yupo, skrini ukuta mzima, nafungua ukurasa wa mbele kwa mbwembwe zote, pale juu kwa herufi kubwa kama mlango wa godauni pameandikwa object Object, na mabano yake ya mraba pande zote mbili, yamesimama kama askari. Ndivyo JavaScript inavyoandika ukiilazimisha kugeuza objekti, yaani furushi la data, kuwa maandishi.

Mteja akasoma. KWA SAUTI. Taratibu kama anasoma wosia. "Objekti... objekti. Hiki ndo kichwa chetu?"

Na yule bwana, ambaye Ijumaa jioni aliingia akaifuta ile fildi akaunda nyingine kwa jina lilelile ila ya ritchi teksti (maandishi yenye mapambo), kisa alitaka neno moja liwe boldi, neno MOJA wakuu, akageuka akamwambia mteja "mtusamehe, huyu kijana bado anajifunza."

Bado anajifunza!! Mimi!! Yeye anayeita fildi "maudhui_2_mpya_kweli" ndo mwalimu!

Kwa wasiojua, ritchi teksti haiji kama maandishi, inakuja mti mzima wa JSON (data iliyopangwa ngazi kwa ngazi), hati ina aya, aya ina vipande, kila kipande kimebeba alama zake, unatakiwa uupitie mti wote tawi kwa tawi ndo upate sentensi. Na kurasa zetu zinajengwa mapema, kwa hiyo wikiendi nzima kila kitu kilikuwa kizuri, leo asubuhi mtu kachapisha tangazo, webhuku (taarifa ya CMS kwamba kuna kipya) ikagonga, bildi mpya, yaani ujenzi wa kurasa upya, ikapita, hakuna kilicholia. Ikasubiri kikao.

Alisoma kwa sauti wakuu. Bado siamini. "Objekti, objekti."

Nukta_Mkato

Kama anasoma wosia 😂😂😂 nimecheka mpaka nimeulizwa nina nini

KachiImeganda

Pole mkuu ila ngoja kwanza. React haikubali objekti ikae kama mtoto wa elementi, ingetupa kosa palepale na bildi ingekufa, usingefika hata kikaoni. Ili iandike object Object lazima wewe mwenyewe uliigandisha ndani ya tempuleti kwa zile bektiki, zinazogeuza kila kitu kuwa maandishi. Hapo aliyeficha kosa ni nani?

Tawi_Kavu

Ndio niliigandisha, kichwa halafu kistari halafu jina la tovuti, kuna dhambi gani? Ilikuwa STRING. Na hata iweje ndo uniambie bado najifunza mbele ya mteja?

Nukta_Mkato

Kwani umemaliza kujifunza? 😂

Mtumwa_wa_Null

Mleta uzi kalilia object Object, mimi nitasemaje ninayeishi na "cannot read properties of undefined, reading map", yaani kosa la kusoma kitu ambacho hakipo, kila siku ya Mungu. Fildi ya picha si ya lazima, ya mwandishi si ya lazima, kichwa chenyewe si cha lazima, yaani unaweza kuchapisha makala ambayo haina kitu na CMS ikakupa tiki ya kijani. Tangu ES2020, toleo la JavaScript, ituletee ile alama ya kuulizia yenye nukta, ya kuuliza kwanza kama kitu kipo, msimbo wangu umejaa maswali kuliko majibu.

TaipuSkripti_Damu

Mngekuwa na TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, haya yote yasingetokea. Nimemaliza.

KachiImeganda

Hujamaliza. Taipu zinafutika ukishakompaili, data ikitoka kwenye API hakuna wa kuizuia mlangoni. Taipu inasema string kwa sababu wewe ndo uliiambia string. Unatakiwa uikague data yenyewe inapoingia, wakati wa bildi, umbo likiwa silo bildi ife na toleo la jana liendelee kuonekana. Mleta uzi angefanya hivyo asingekuwa hapa.

Tawi_Kavu

Kwa hiyo kosa ni langu. Mtu kafuta fildi IJUMAA JIONI, kosa langu. Asanteni sana.

KalamuBubu

Mimi nipo upande wa pili, mimi ndo "yule bwana" wa timu yetu, na naomba leo mnisikilize. Mmetupa fomu ya fildi arobaini na kitu, hatuoni ukurasa, hatuna prevyuu ya kuuona kabla ya kuchapisha, tunaandika kama mtu anayepaka rangi chumba chenye giza. Nikibonyeza chapisha sioni kitu, nikiuliza naambiwa "ni kachi, subiri", eti nakala ya zamani bado imehifadhiwa. Nasubiri nini? Nasubiri mpaka lini? Nikitaka neno moja liwe boldi nifungue tiketi ya wiki mbili? Acha niifute tu hiyo fildi.

Mtumwa_wa_Null

Shikeni huyo, kajileta mwenyewe 🤣

MamaWaKomponenti

Ila jamani KalamuBubu ana hoja, prevyuu tunaiacha mwisho kila mradi, halafu mwisho haufiki. Tatizo langu na nyie watu wa maudhui ni majina. Kuna dada mmoja kwetu (mzuri sana wa roho, simsemi vibaya) kaunda fildi inaitwa "kitufe_chekundu_kushoto". Wabunifu wakabadili, sasa kitufe ni kijani na kiko kulia, na fildi bado chekundu_kushoto, na kwenye app ya simu hakuna kushoto kabisa, kila kitu kiko chini. Ingeitwa tu kitufe cha kujiunga, rangi niachie mimi. Kila mgeni akija kwenye timu namweleza hiyo fildi dakika kumi.

TaipuSkripti_Damu

Sisi tunayo "safu_ya_tatu" na ukurasa una safu mbili.

MamaWaKomponenti

😭 na huwezi kuifuta, kuna sehemu inaitumia, haijulikani wapi

Doti_Doti

Si mchukue HTML yote mmwage kwa dangerouslySetInnerHTML, ile ya React ya kuingiza HTML kama ilivyo, mlale mapema

KachiImeganda

Walioipa jina hilo walianza na neno hatari kabisa, na wewe umeliona umepita tu. Siku mtu akibandika skripti kwenye makala ndo utajua kwa nini. Isafishe kwanza.

GrafuQL_Maisha

Hizi API za REST, za kila data na anwani yake, mnazifia nini, hamieni GraphQL, lugha ya kuombea data, unaomba fildi unayotaka unapewa hiyohiyo tu. Ipo wazi kwa kila mtu toka 2015 na nyie bado mnabishana.

Mtumwa_wa_Null

Haya wameingia.

Doti_Doti

GraphQL yangu: ili nipate jina la mwandishi naomba makala, ndani yake orodha, ndani yake vipengele, ndani yake mwandishi, ndani yake wasifu. Nikifika kwenye jina nimeshasahau nilikuja kufanya nini.

GrafuQL_Maisha

Ndo utamu wake

Doti_Doti

Afadhali REST inayonipa kitambulisho cha mwandishi peke yake halafu inaniambia katafute mwenyewe. Angalau hainifichi kwamba hainipendi.

Tawi_Kavu

Wakuu turudi kwenye mada. Mteja ALISOMA KWA SAUTI. Ukumbi mzima ulisikia. Hakuna hata mmoja ameuliza nilijisikiaje.

Nukta_Mkato

Ulijisikiaje

Tawi_Kavu

Kama objekti.

KalamuBubu

Kwa faida ya mada, mimi picha ndo zinaniudhi, nimepandisha picha safi ya pikseli elfu sita mkaikata vichwa watu wote.

MamaWaKomponenti

PIKSELI ELFU SITA kwenye kadi ya upana wa mia tatu, halafu usiku unatuma ujumbe kwamba tovuti nzito 🙆🏽‍♀️ na ungeweka ile nukta ya fokasi, ya kuonyesha sehemu muhimu ya picha, CMS ingejua pa kukata

KalamuBubu

Nukta gani? Nani aliwahi kuniambia kuna nukta?

MamaWaKomponenti

Ipo hapo kwenye picha, ukiibonyeza

KalamuBubu

Miaka miwili nipo hapa.

Doti_Doti

Wakuu nje ya mada kidogo, nikibandika makala kutoka Word naletewa zile nafasi zisizokatika kati ya kila neno, kwenye simu mstari haukatiki unatoka nje ya skrini. Nazitoaje?

KachiImeganda

Bandika bila fomati. Kama zimeshaingia, badilisha herufi U+00A0 iwe nafasi ya kawaida kabla hujaonyesha, riplesi ya mstari mmoja.

Doti_Doti

Imekubali, ubarikiwe mkuu. Uzi mzuri sana huu.