Naomba ushauri: kupima umahiri wa wataalamu wanaotibu vijana wenye wasiwasi

Habari zenu ndugu wataalamu. Tunapima rekodi za vikao vya tiba ya fikra na tabia kwa vijana wa miaka 9 hadi 15, kwa kutumia CTS-R, kipimo cha umahiri wa mtaalamu wa tiba hiyo: vipengele 12, kila kimoja alama 0 hadi 6, kufaulu 36 kati ya 72. Kipimo hiki hakikutungwa kwa ajili ya watoto, na hapo ndipo tunapokwama. Mtaalamu anapata alama nzuri za kupanga ajenda ya kikao na kushirikiana na mtoto, ilhali zoezi la kukabili hofu amelikatisha kabla mtoto hajaona kama anachokiogopa kinatokea kweli, kisha akambembeleza: "Usijali, hakuna kitu." Mtoto ameshajifunza kukwepa, na jumla ya alama haionyeshi.

Kikao kimoja cha namna hiyo, mpimaji mmoja alitoa 41, mwingine 33. Tumepima rekodi 5 kwa pamoja na kujadili. Tumekaribiana kwenye kazi za nyumbani, si kwenye kukabili hofu.

Je, kukabili hofu kuwekewe kiwango chake cha kufaulu, nje ya jumla? Na mzazi akiwepo kikaoni, mnapimaje ustadi wa kumwongoza mzazi huyo asikimbilie kumwokoa mtoto na hofu?